Madirisha ya Wodi ya Wanawake

Tanga, 2 Septemba 1957

Mdogo wangu Noa,

Bwana asifiwe. Hamjambo huko kambini? Mimi mzima. Mkeo Kristina mguu unaunga vizuri, juzi kasimama kwa gongo, akacheka mwenyewe. Wiki tatu hivi utamchukua.

Ila mafua yameingia mjini. Daktari asema yanatoka kinywani na kuruka hewani, mtu akikohoa au hata akiimba. Madirisha ya wodi yako wazi mchana kutwa na wageni wamekatazwa. Kwa hiyo usije, na kwaya usiilete. Ombeni huko huko. Mungu husikia hata kutoka Muheza.

Dada yako, Lea

Muheza, 7 Septemba 1957

Dada Lea,

Shikamoo. Sisi twaendelea, ingawa nusu ya wakata mkonge wamelala na homa.

Tangu lini mfagia wodi akazuia mgonjwa asiombewe? Mama alipougua tulimzunguka, tukafunga madirisha upepo usimpige, tukaimba mpaka jasho likamtoka akapona. Ulikuwepo. Jumapili ijayo twaja watu kumi na wawili. Ukisimama mlangoni nitakuondoa.

Mdogo wako, Noa

Tanga, 20 Septemba 1957

Noa,

Bwana asifiwe. Hali yangu unaijua. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwani wa kulia uliuvunja kwa fimbo yako. Pigo la kwanza lilinipata begani, nikang'ang'ania kitasa. La pili nikausikia mfupa. Mzee Mwinyijuma wa langoni ulimsukuma akaangukia ngazi, meno mawili yakatoka, naye ana umri wa baba yetu.

Mkafunga madirisha yote. Mkaimba nyimbo sita. Nikiwa sakafuni nilisikia mtu akikohoa kati ya beti.

Jumatano mafua yalishika vitanda vinane. Wanne wamekufa. Kristina anatapika damu, twamfunga kwa shuka asijitupe chini. Anauliza ni nani aliyekohoa. Nami nakuuliza.

Lea

Muheza, 23 Septemba 1957

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mbele ya kwaya. Nikasema ni Msafiri, mwimbaji mwenzetu, maana sauti yake nzito na kifua chake kibovu. Akakana. Tukamburuta nje ya kanisa, tukampiga kwa mateke na fimbo, mimi wa kwanza kuanza na wa mwisho kuacha. Jicho la kushoto limepasuka. Alikuwa akisema, "Noa, wewe wajua. Noa, wewe wajua."

Najua. Nilianza kukohoa Alhamisi ile kabla ya kuja kwetu. Nililamba asali njia nzima ili usisikie mlangoni, kisha nikamwinamia Kristina nikamwimbia sikioni.

Usimwambie. Nakuja nimwambie mwenyewe.

Mdogo wako, Noa

Tanga, 26 Septemba 1957

Noa,

Barua yako ilifika jana. Kristina tulimzika Jumatatu, siku ile ile uliyoiandika; wanaokufa kwa mafua hawangojewi. Aliuliza mpaka mwisho. Nilimjibu simjui aliyekohoa, na wakati ule nilikuwa nasema kweli.

Usije kwangu kwanza. Mkono umefungwa mbao, utangoja. Nenda kwa Msafiri, mbele ya kwaya ile ile, ukaseme ulichoniandikia. Kisha njoo kwa Mzee Mwinyijuma, upige magoti pale kwenye ngazi.

Ukimaliza hayo, nitakuonyesha kaburi.

Dada yako, Lea