Mume Wangu Alimkaba Baba Mkwe

Anti Rebeka, shikamoo. Naomba msaada wako haraka, maana mimi nipo Mabatini, mume wangu yupo chumbani amenuna, baba yangu yupo Kisesa anakandwa mgongo kwa maji ya moto, na wote wawili wananilaumu mimi. Mume wangu Shimba alikuwa mchezaji wa kulipwa Marekani, alikokulia, si mpira huu wetu, ule wao wa kushika kwa mikono na kuvaa kofia ngumu, na kazi yake ilikuwa beki wa pembeni, yaani anamfuata mwenye mbio mpaka amwangushe, basi, watu wanashangilia, akaifanya mpaka magoti yakagoma, akastaafu tukarudi nyumbani. Mimi nikaropoka saluni kwamba mume wangu ni beki mstaafu wa Marekani, maveterani wa Kirumba wakaja mbio kumsajili, wakacheza na maveterani wa Kisesa, ambako winga ni baba yangu mzazi, Mzee Chenge, kitambi na mbwembwe zake. Baba akapata mpira, akaanza madoido mbele ya Shimba, kocha akapiga kelele, "Mkabe! Shimba, mkabe huyo mzee!" Anti, sote tunajua kukaba uwanjani ni kumbana mtu asipite. Shimba akamkaba. Alimkumbatia kiunoni, akamnyanyua, akamlaza chali, halafu akanyoosha mikono juu akisubiri makofi. Uwanja mzima ulicheka, mama akapiga yowe, maana kwetu mkwe hata mkono humpi ovyo, sembuse kiuno! Sasa baba amesema Shimba asikanyage kwake, na Jumamosi ndiyo tunamuaga hukohuko kwake mdogo wangu Hellen anayeolewa, na Shimba hataki kuomba radhi, anasema, "Nilimkaba kisafi, hata kichwa sikumgusa." Niende peke yangu watu waseme nimeachika, au nibaki na huyu mkabaji nimkose mdogo wangu? Nawapenda wote, Anti, nimechanganyikiwa.

Modesta, Mabatini

Marahaba, Modesta. Pole, na unisamehe, nimecheka mpaka chai imenipalia.

Nianze na wewe. Unajua fika beki wa kwao si beki wa kwetu, ukakaa pembeni, pengine unakula karanga, bila kumweleza mumeo kukaba ni nini. Hilo domo la saluni ndilo lililomlaza mzee wako chali.

Shimba naye aache ukaidi. Kisafi kwa sheria ya nani? Ila umwonee huruma: amemaliza magoti kwa kazi ambayo hapa Mwanza hakuna anayeijua, na siku ameifanya vizuri mbele ya wakwe, kachekwa. Anaumia huyo. Na baba yako haumwi mgongo, mama, anaumwa kile kicheko cha watu wa Kirumba.

Mtafute mshenga aliyepeleka posa yenu. Aende Kisesa kabla ya Jumamosi, Shimba nyuma yake na beberu wa kuombea radhi, akae mbali na mzee, aseme, "Nimekosa, baba," kisha anyamaze. Hiyo "kisafi" yake aimeze. Yakiisha, mshenga awashe simu, amwonyeshe mzee video za Shimba kazini, aone mijitu yenye vifua kama milango inavyobwagwa, halafu amweleze kwamba kule hakabwi goigoi, anakabwa anayeogopwa kuponyoka. Kabla beberu hajaiva mgongo utakuwa umepona, na mzee atawatambia majirani kwamba ilibidi aletwe mtu kutoka Marekani kumsimamisha.

Jumamosi nendeni wote wawili. Mkifika kwa mzee kumpongeza, Shimba apunge mkono kwa mbali. Asimkumbatie.