Shangazi, Ukoko Nimeula Mimi

Shangazi,

Shikamoo. Najua huitikii, kwa hiyo nimejiitikia mwenyewe: marahaba, Hamadi mwanangu, mbona umekonda? Sijakonda, Shangazi. Nimezidi kupendeza. Ukitaka ushahidi waulize wasichana wanaochota maji pale bombani, ingawa wao huwa wanacheka kabla hawajajibu.

Barua hii siipeleki posta. Karani wa posta ananifahamu, angeisoma kwa sauti mbele ya watu. Naiandika hapa hapa barazani kwako, nimeegemea mlango wako, na mwandiko ni ule ule uliosema wewe kuwa kuku kakanyaga wino. Shule niliiacha njiani, wewe ndiye shahidi, ulinifukuza na fimbo nirudi mpaka ukachoka wewe. Lakini barua nitaimaliza. Kwa hili nakuapia.

Nyumba iko salama. Paa tumeliziba kabla ya masika, sehemu ile iliyokuwa inakuvujia kitandani sasa haivuji, na mimi nikilala pale usiku wa mvua naona haya kwamba ukavu umekuja baada yako. Paka wako amehama. Kaenda kwa Mzee Saburi muuza halua, kwa sababu kule kuna samli. Nikipita ananitazama kama hatujawahi kuonana. Msaliti mkubwa.

Makubadhi yangu yanatoka vizuri, tena vizuri sana, usinipunje. Nimejaribu na raizoni, vile viatu vya soli nene wanavyovaa vijana wa Dar es Salaam na suruali zao za bugaluu zilizopanuka chini. Nilishona jozi moja, nikaivaa mwenyewe, nikaanguka mbele ya msikiti siku ya Ijumaa watu ndio wanatoka. Hilo tuliache.

Nilichokuja kukwambia ni habari za kikao.

Shangazi, miaka yote ile mimi nilidhani kikao chako ni kula. Mwezi ukiandama, Jumapili ya kwanza, wenye vibiashara vyao wanajaa hapa. Mzee Kibwana anashuka na mkaa wake kwa baiskeli kutoka Fukayosi, Bi Tatu na mikeka yake kutoka Makurunge, Mzee Saburi na mkewe, Salumu fundi cherehani na domo lake. Huyu kaleta mchele, huyu nazi, huyu samaki, wewe unapika. Wakirudi kuswali Adhuhuri unapakua kwenye masinia, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na wewe umesimama katikati na mwiko kama trafiki: “Wewe na wewe, hapa. Kibwana, unakwenda wapi huko? Kaa na Saburi. Hamadi, kaa na Salumu, na msitukanane mbele ya samaki.”

Mimi nikaona masinia yale ni kwa sababu huna sahani. Na mwiko ule ni ubabe wako tu. Unisamehe, maana ubabe ulikuwa nao.

Ulipoondoka, mwezi ulikuwa haujaandama. Kulikuwa na yule kijana wa Pangani, Athumani, mwoka mikate. Alikuwa ndiyo kwanza amejenga tanuri lake la udongo nyuma ya soko, na mkewe ana mtoto mchanga. Hana ndugu mjini, hana anayemjua. Alikuja hapa mlangoni kukuuliza afanyeje, mikate yake inalala mpaka inakuwa migumu kama soli, ukamwambia, “Mwezi ukiandama njoo ule na sisi. Nitakukalisha pazuri.” Nilikusikia kwa masikio yangu. Mwezi ukaandama, wewe tumeshakuzika.

Baada ya arobaini yako, hitima imeisha, watu wanakunywa kahawa, Mzee Saburi akauliza, “Na kikao je?” Wote kimya. Wewe unanijua kimya kinavyoniwasha. Nikasema, “Mimi nipo. Tena nitakifanya kisasa, mtamsahau Shangazi.”

Nilisema hivyo, Shangazi. Ulimi umeshatoka, kuurudisha haiwezekani. Bi Tatu alinitazama, akavuta kanga yake, akasema, “Haya, mwanangu wa kisasa. Tutaona.”

Basi nikatafuta viti vya kukodi, vile vya harusini, nikavipanga safu safu. Nikaazima sahani, kila mtu na yake, na kijiko chake. Nikamshika jamaa mmoja mwenye kipaza sauti kinachotumia betri ya gari, akaja nacho. Watu walipofika nikawakaribisha kwa kipaza sauti, halo halo, moja mbili, na wao wako mbele yangu hapo, hata nikinong'ona wananisikia. Nikazungumza. Nilizungumza juu ya maendeleo, juu ya biashara, juu ya raizoni, na zaidi nilizungumza juu yangu. Wakati huo wao wanakula. Wameshika sahani mapajani, macho mbele, kila mmoja anamtazama mwenzake kisogo. Hakuna aliyesema neno. Hata Salumu! Mtu ambaye anasema usingizini.

Mzee Saburi alipomaliza hakujua sahani aiweke wapi, akabaki ameishika. Akaniita. “Hamadi, mwanangu. Hapa ni shughulini au tumelazwa? Maana kila mtu na sahani yake kama tuko wodini.”

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kwa kipaza sauti, ndipo nikasikia kicheko changu kilivyo kibaya.

Athumani alikuwa kiti cha mwisho, safu ya nyuma. Alileta mikate, imefungwa kwa kitambaa kisafi, ikabaki pale pale miguuni pake. Aliondoka mapema. Nilimwona akichukua furushi lake, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza jina. Kesho yake nikasikia amekwenda kuulizia nauli ya kurudi Pangani.

Na Mzee Saburi wakati wa kuaga alinishika bega, taratibu, unajua anavyozungumza kama anakoroga halua. “Mwezi ujao ukituita tutakuja, kwa heshima ya marehemu. Ikiwa hivi tena, basi, kila mtu abaki dukani kwake.”

Shangazi, usiku ule sikula. Mimi! Nilikaa nikawaza kwamba ulichokijenga miaka yote nimekibomoa kwa mlo mmoja, na yule mtu uliyemwahidi anafunga mizigo.

Aliyenifumbua macho, na roho inaniuma kukiri, ni Salumu. Alikuja kunisaidia kurudisha viti. Amevibeba viwili kichwani kama pembe, huku ananisimanga kuhusu kipaza sauti njia nzima, mpaka nikamwambia anyamaze, kwani yeye angefanya nini? Akaviweka viti chini.

“Wewe,” akasema, “unadhani nilianza kukuletea mabwana harusi kwa sababu nakupenda? Kila anayeshona kanzu kwangu namwambia akachukue makubadhi kwako. Unajua ilianza vipi? Shangazi yako alinikalisha mbele yako, sinia moja, mwezi baada ya mwezi. Nilikuwa sikutaki hata kukuona. Lakini mtu mnagombania jicho la samaki mmoja, utamnunia mpaka lini? Siku moja nikakuuliza habari za ngozi ili nikupotoshe nile upande wako. Basi, ndiyo ikawa.”

Nikasimama pale njiani kama nimepigwa kofi. Nikakumbuka Mzee Kibwana na Mzee Saburi. Kabla hujawakalisha pamoja, Mzee Saburi mkaa wake alinunua kwa mchuuzi, na Mzee Kibwana aliuza kwa mchuuzi huyo huyo, wanapishana sokoni hawasalimiani. Nikakumbuka Bi Tatu na mke wa Mzee Saburi kwenye sinia la wanawake, wanachekeana, na mwezi uliofuata halua ikaanza kutoka kwenye vikapu vidogo vya ukindu, vile ambavyo wageni wa Dar wananunua kwa kupenda kikapu kabla ya kuonja kilichomo. Kumbe wewe hukuwa unapakua wali. Ulikuwa unapakua watu, mama. Na kunieleza hukunieleza. Ungenieleza lini, na mimi ndiye niliyekuwa nazungumza siku zote?

Nikaenda kwa Athumani. Nilimkuta anafunga sanduku. Nikamwambia, “Kaka, nina aibu, lakini Shangazi alikuahidi. Nipe mwezi mmoja tu.” Mkewe akamtazama, yeye akamtazama mtoto. Akasema, “Ukituweka nyuma tena, mikate nakuachia uifanye soli.” Nikampenda pale pale. Mtu mwenye mdomo hawezi kukosa riziki Bagamoyo.

Masinia nikayatoa chini ya kitanda chako. Nikayasugua kwa majivu na ndimu mpaka nikauona uso wangu, nikautazama kidogo, haukosi sifa. Mikeka nikatandika. Na siku nzima ya kabla ya kikao nilikuwa nafanya kazi moja tu: kufikiri. Nani hamjui nani. Nani ana kitu ambacho mwenzake anakitafuta na hasemi. Kichwa kiliniuma kuliko hesabu zote za darasa la tano. Nilipofika kwa Athumani nikakwama, mpaka nikamwona Mzee Kibwana anapita, amekwisha uza mkaa, anarudi Fukayosi. Baiskeli tupu. Magunia yamekunjwa, anapiga kengele bure. Nikapiga kelele peke yangu barazani. Jirani akatoka kuuliza kama nimeng'atwa.

Jumapili ikafika. Watu walikuja wamenuna, wamekuja kwa ajili yako. Wakaona mikeka, wakaona masinia. Bi Tatu akaziba mdomo kwa kanga. Nami nikasimama katikati na mwiko wako, nikasema, “Mzee Kibwana, unakwenda wapi huko? Kaa na Athumani.”

Shangazi, walicheka mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta. Mzee Saburi akasema, “Bi Mwanahawa amefufuka, ila safari hii ana ndevu mbovu.” Lakini walikaa! Kila nilipoelekeza mwiko, walikaa. Salumu nikamweka na Mzee Saburi, wazungumze mpaka mmoja azimie.

Sikuwa na kipaza sauti, na ningekuwa nacho kisingefua dafu. Makelele yalikuwa yale yako ya zamani. Mzee Kibwana alimega mkate wa Athumani akauchovya kwenye mchuzi, akatafuna, akaacha kutafuna, akauliza, “Huu nani kaoka?” Athumani akasema ni yeye. “Na unauuza wapi?” “Siuzi, Mzee. Unalala.” Mzee Kibwana akajipangusa mkono. “Mimi kila siku narudi na baiskeli tupu, na njia nzima watu wananiuliza, mjini kuna nini?”

Basi. Sikuhitaji kusikia zaidi. Sasa hivi baiskeli ya Mzee Kibwana inashuka na mkaa inapanda na mikate, kengele ile ile, watoto wa njiani wameshaijua. Sanduku la Athumani limefunguliwa, mkewe anawekea unga.

Sasa ngoja nikwambie kilichonikuta.

Nilipomaliza kuwakalisha wote, nikataka na mimi nikae. Nikatazama sinia hili, limejaa. Nikatazama lile, mabega yamebanana, nikiingia nawatenganisha watu ambao ndiyo kwanza wameanza kuzungumza. Nikazunguka kama mgeni. Mwenye kikao, sina pa kukaa. Nikaenda jikoni. Sufuria limekwisha. Umebaki ukoko chini, tena mweusi, maana moto sikuutazama. Nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, pale pale ulipokuwa unakaa, nikaanza kuubandua kwa mwiko.

Siku zote, Shangazi, ulikuwa unakula jikoni peke yako. Nikikuuliza mbona huji kula na wenzako, unasema, “Niache, mimi napenda ukoko.” Nami nilikuamini. Nilidhani wewe mroho, unajifichia. Mara nyingine nilikuja kukuomba, ukanipa kile kipande cheupe cheupe.

Mweusi ulikuwa unakula wewe.

Nilitafuna huku nalia, na sitaki mtu mwingine alijue hilo. Lakini kilio chenyewe hakikuwa kibaya. Kule nje Bi Tatu anacheka, Salumu anadanganya kitu kwa sauti, na mimi ninausikia mji wako wote kupitia ukuta. Nikaona kumbe pale juu ya mbuzi ndipo panaposikika vizuri kuliko barazani. Ulikuwa umechagua kiti.

Salumu akachungulia, mkono umejaa wali. “Wewe mwenye shughuli, mbona umejificha huku? Huli?”

Nikafuta uso kwa kiwiko. Sikufikiri, maneno yalitoka yenyewe.

“Niache,” nikamwambia. “Mimi napenda ukoko.”

Mwezi unaandama karibuni. Kuna mama mmoja wa Kerege, anatengeneza achari, nimeshamwalika, na nimeshajua wa kukaa naye. Nakuahidi hatakosa nafasi, yeye wala atakayekuja baada yake. Paka wako pia nitamrudisha, nikipata samli.

Kwaheri, Shangazi. Kaa na wewe sasa, wakupakulie.

Mimi mwanao,
Hamadi