Sindano Iliyomnenepesha Mama

Magokoro, nyanya yangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili na najua utalalamika. Kiswahili chako kilikuwa cha kununulia chumvi na kumfukuza mwuza dawa ya panya, basi. Lakini haya ninayotaka kukuambia, nikiyaandika kwa Ekegusii yatanichoma vidole. Kiswahili nilikutana nacho shuleni nikiwa tayari na akili, hakikunilea, kwa hiyo hakinionei haya. Huko uliko hakukosi mtu wa pwani. Mwombe akusomee.

Tangu tukuzike, nyumbani Nyamira pametulia mno. Kuku wako walihamia kwa mama wenyewe, hakuna aliyewabeba. Jiko lako baba hataki libomolewe ingawa paa linavuja. Bosibori wangu ameanza shule na amepoteza sweta tayari. Mogaka, uliyemwacha hana hata jino, sasa anasimama akishikilia kiti na kutupigia kelele kama mwenye nyumba.

Nami niko palepale Ogembo na duka langu la vitenge na magauni. Wateja wanalipa, wengine wanashika tu nguo na kuondoka. Nashukuru Mungu.

Kinachonitesa, Magokoro, ni kwamba sina mtu wa kuuliza. Watu wa mbali hawajui hili letu la chinsoni, heshima ya kuoneana haya kati ya mzazi na mtoto. Wanadhani mtu na mama yake huongea yote. Mimi na mama yangu tunapendana sana, lakini kitanda chake sijawahi kukikalia, na neno la mambo ya chumbani halijapita kati yetu hata siku moja. Mzazi ni mzazi. Nyanya ndiye wa kuambiwa. Wewe ndiye uliyeniambia damu ni nini, tukiwa tunapukuchua mahindi, na hukuacha kupukuchua. Wewe ndiye uliyenifungia jikoni kabla sijaolewa ukaniambia mambo ambayo hata kwa Kiswahili siyaandiki. Nikijifunika uso unanivuta mkono: "Mficha uchi hazai!"

Sasa nimepata shida ya upande wa pili, Magokoro. Sitaki kuzaa. Si kabisa, usishtuke. Nataka msichana mwingine nimpe jina lako, na shangazi ananikumbusha kila tukikutana msibani. Lakini Mogaka alitolewa kwa kisu, unakumbuka, wewe ndiye uliyekesha nami. Daktari alisema kidonda cha ndani kinahitaji muda mrefu kuliko cha nje, nisishike mimba nyingine mpaka mtoto akimbie. Na Baba Bosibori anafundisha mbali, unajua. Shule zikifungwa anarudi na begi lake na tabasamu lake. Ilibidi niwe nimechagua njia kabla begi halijatua.

Nilienda kliniki pale Ogembo. Sista ni mama mmoja wa upande wa ziwa, mpole, mwenye sauti ya kwaya. Aliniwekea vitu mezani: vidonge, sindano ya miezi mitatu, kijiti cha kuingizwa mkononi, na koili ya kuwekwa kwenye mji wa mimba. Akaniuliza naogopa nini. Nikatazama mlango, nikasema naogopa kunenepa.

Hakucheka. Aliniambia kweli, sindano huwaongezea wanawake wengine uzito, wengine haiwagusi, na hakuna anayeweza kumtazama mtu usoni akajua ni wa kundi gani. Kijiti pia wako wanaokilalamikia. Koili ya shaba haina dawa ya homoni, kwa hiyo uzito haitaongeza, ila damu ya mwezi inaweza kuwa nyingi na tumbo kukaza, hasa mwanzoni. "Dada, zote zinafanya kazi. Chagua ile utakayokaa nayo kwa amani," akasema. Nikamwambia nitafikiria.

Ungekuwepo ningekuja kwako siku hiyohiyo. Nilimpigia Baba Bosibori. Akasema nichague ninayotaka, yeye yuko nyuma yangu, na hata nikinenepa atanunua kitanda kikubwa. Nilimkatia simu. Mwanamume mzuri, lakini kuna siku mtu anataka jibu, hataki kitanda.

Naogopa kunenepa kwa sababu mbili, na moja ni rahisi. Mimi ndiye sanamu ya duka langu. Gauni nikilivaa asubuhi, jioni limenunuliwa.

Ya pili ni mama. Ile picha yake iliyo ukutani, ya kabla sijaingia shule, kiuno kimefungwa mshipi mwembamba, anacheka. Halafu huyu mama ninayemjua mimi, anayepumzika mara mbili akipanda kutoka mtoni. Wote nyumbani tulikua tukijua sababu. Hakuna aliyetukalisha chini kutuambia. Ilikuwa hewani tu. Ni sindano. Alidungwa ile sindano ya kupanga uzazi, ikamharibu. Neno lilikuwa hilohilo, kuharibu.

Sasa nikuambie ujinga nilioufanya, ucheke kidogo.

Nilienda nyumbani kusaidia kuchuma chai. Tukapeleka majani kituoni, mimi na mama, kila mmoja na gunia lake. Ile mizani ya kuning'iniza unaijua. Foleni ilikuwa imepungua, nikamwambia karani anipime mimi pia, ili nijue nilipo kabla ya dawa yoyote, nisije nikadanganywa na kioo. Nikashika ile ndoano kwa mikono miwili, nikakunja miguu, nikaning'inia mbele ya wakulima wote. Karani naye ana mdomo. Akasoma kilo zangu kwa sauti kama anayetangaza bei, halafu akasema, "Toeni za gunia!" kwa maana siku zote hukata uzito wa gunia. Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, bado nikiwa juu.

Ndipo Mama Nyanchama, mke wa baba mdogo, akasema kwa sauti ileile yake ya sokoni: "Furahia sasa, mwanangu. Ukidungwa ile sindano, hiyo mizani itakatika. Si unamwona mama yako?"

Mama alikuwa hapo. Karibu nami, Magokoro, kama nilivyo karibu na karatasi hii. Wengine waliendelea kucheka, kisha wakaacha. Mama alichukua gunia lake tupu, akalikunja, akalikunja tena mpaka likawa dogo kama leso, akaliweka kwapani, akaanza kwenda nyumbani.

Nilimfuata. Njia nzima nilitafuta neno. Ningesema nini? Kumtetea kungekuwa kulitaja, na kulitaja kungekuwa kuivunja chinsoni mchana peupe. Nilitembea nyuma yake nikiutazama mgongo wake mpana, na nikaona aibu, kwa kuwa ni kweli nilikuwa nauogopa mgongo huo. Niliupanda nikiwa mtoto. Ulinibeba hadi zahanati nilipougua surua. Na sasa nilikuwa naning'inia kwenye mizani ili nisiupate.

Usiku huo alinipakulia chakula kidogo. Mama! Anayejaza sahani mpaka ugali unapiga chafya! Kijiko kimoja cha mboga ya chinsaga na kipande cha ugali. Akasema, "Najua hupendi kushiba siku hizi." Nilikula, sikuonja kitu.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, Sabato yetu, tukaenda kanisani, tukaketi benchi moja, tukaimba kitabu kimoja. Hatukutazamana.

Jumapili asubuhi akaniita twende tukapalilie kaburi lako. Magugu yalikuwa yamekuzidi, utusamehe. Yeye alianzia kichwani, mimi nikaanzia miguuni. Halafu akainuka, akashika kiuno, akaanza kuongea. Si na mimi. Alikuwa ananipa mgongo. Alikuwa anaongea na wewe.

"Mama," akakuita hivyo, kama alivyokuita miaka yote tangu alipoolewa hapa. "Mama, mjukuu wako anaogopa kuwa kama mimi."

Jembe lilinibaki mkononi.

"Wewe ndiye unajua. Hawa wengine wanaongea tu. Mwambie ile mimba ya mwisho nusura inimalize. Mwambie ni wewe ulinishika mkono ukanipeleka nikadungwe, ukaniambia mwanao utamweleza wewe, mimi ninyamaze. Mwambie ni kweli nilinenepa. Njaa ilinipanda, nikawa nakula hata ukoko. Na baadaye niliacha sindano, mwili haukurudi, sijui kama ni sindano au ni miaka au ni mkono wangu mwenyewe. Lakini mwambie, Mama, sikuharibika. Nilipona. Watoto wangu hawakulelewa na mwanamke mwingine. Mimi huu mwili siulilii."

Kisha sauti ikashuka.

"Na mwambie asichague kwa kunitazama mimi. Mwili wake ni wake. Awe mwembamba akitaka. Ila asinionee huruma, siipendi."

Magokoro, umekufa na bado unafanya kazi. Nilisimama pale miguuni pako nikaelewa kwamba mama amepata njia ambayo mimi, na elimu yangu yote, sikuiona. Hakuniambia mimi neno. Chinsoni iko nzima, haina hata ufa. Yeye alikuwa anazungumza na mama mkwe wake, na mimi nilikuwa napalilia tu.

Basi nami nikakohoa, nikakuita. Ulisikia? Sauti yangu ilikatikakatika kama simu isiyo na mtandao.

"Magokoro, mwambie mama naiogopa mizani, simwogopi yeye. Mwambie sijawahi kumwona ameharibika, hata siku moja. Mwambie kuna kitu kinaitwa koili, sista anasema hakinenepeshi, lakini watu wanasema hupanda mpaka moyoni. Muulize kama ni kweli."

Mama alikuwa bado ananipa mgongo. Nikaona mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akashikilia mgomba.

"Mama," akasema akijifuta macho, "mwambie moyo uko mbali sana na huko. Na mwambie Mama Nyanchama anayo hiyo koili tangu zamani, ndiyo maana ana muda wa kusema watu."

Siku chache baadaye mama alikuja Ogembo. Alisema anatafuta kitambaa cha mapazia. Mapazia ya mama hayajabadilishwa tangu nizaliwe. Aliketi dukani na Mogaka mapajani, akaniambia kama nina safari yoyote niende tu, yeye hana haraka. Hakuuliza naenda wapi. Nikaenda.

Niliwekwa koili. Sista aliniambia nikohoe, nikakohoa, ikaisha. Maumivu yalikuwepo, sitakudanganya, na mwezi wa kwanza damu ilikuja kwa hasira. Sasa imepoa. Nimerudi mara moja kuangaliwa, iko mahali pake, haijapanda popote. Sitajifanya mtakatifu nikuambie uzito sijali tena. Bado najali. Bado napenda gauni likinikaa. Lakini nilipochagua nilikuwa nachagua kitu changu, sikuwa namkimbia mtu.

Niliporudi kutoka kliniki siku ile, mama alikuwa amepika kwenye jiko la mkaa nyuma ya duka. Ndizi na maharagwe. Alinipa sahani, akashika mwiko, akasita, akanitazama usoni. Nikasukuma sahani mbele tena. Akajaza. Nilikula yote mbele yake, na nilipomaliza nikafuta sahani kwa kidole.

Magokoro, naimaliza hapa, Mogaka ameamka na mteja anagonga meza. Lala vizuri. Magugu hayatakuzidi tena, zamu tumegawana. Jina lako liko salama, litasubiri mwili wangu uwe tayari, na likija litaitwa kwa sauti.

Na nakuahidi hili moja. Mama yangu sasa naye ni magokoro wa mtu. Bosibori anakua, na yapo ambayo mimi sitaweza kumwambia, nami nitakuwa nimefungwa mdomo kama mama alivyofungwa. Siku hiyo nitamtuma kwa nyanya yake na kikapu cha mahindi ya kupukuchua. Nikifika baadaye nikute mlango wa jiko umerudishwa, na ndani wanacheka, sitasukuma mlango. Nitakohoa kwanza nje, kisha nitageuka nikachote maji, hata kama mapipa yamejaa.

Ni mimi mjukuu wako,
Kemunto.