Habari za Uwanja, Shangazi

Shangazi,

Shikamoo. Naacha nafasi hapa ya kuitikia, kisha naendelea.

Ninaandika nikiwa nimekaa mlangoni kwako, kwenye kigoda chako, nikitazama uwanja wa ndege. Nimekuja kwa kazi ya shule. Najua ungecheka: mtu wa miaka hamsini na saba, babu wa watu, anabeba begi la madaftari. Nilipostaafu redioni nilijiandikisha kusoma shahada ya uzamili ya usalama wa anga. Hatusomi injini. Tunasoma watu: wanavyochoka, wanavyosikia nusu, wanavyonyamaza mbele ya mkubwa, na jinsi hayo yanavyoweza kuangusha ndege isiyo na kasoro yoyote. Kila mwanafunzi anachagua tukio moja na kulichunguza upya. Nimechagua lako.

Kwanza yaliyobadilika tangu tukuzike. Barabara ya kwenda Mitundu imechongwa. Kituo cha afya cha misheni sasa ni ghala la alizeti. Nguzo ya kuonyesha upepo bado imesimama. Mfuko wake uliisha siku nyingi, imebaki pete ya chuma, inazunguka na kulia. Ile njia yako ya katikati ya uwanja, uliyopita na fimbo kila Alhamisi asubuhi ukikagua kabla ya ndege, haijaota hata jani, ingawa mvua ilikuwa nzuri na pembeni nyasi zinanifika kiunoni.

Halafu kuna ng'ombe.

Alhamisi ya kwanza niliyokuwa hapa, saa nne na dakika kumi, ng'ombe waliokuwa wakila uwanjani waliinua vichwa na kutoka. Hakuna aliyewafukuza. Wengine walikwenda upande wa mashariki, wengine wa magharibi, wakasimama wakitazama katikati. Nilitazama saa. Baada ya dakika kumi na moja walirudi kula. Unakumbuka saa nne na dakika kumi. Ndiyo ndege ya misheni ilipokuwa ikianza kusikika kutoka upande wa Itigi.

Nikatafuta sababu, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Maji yako mbali. Kivuli hakuna. Nilimuuliza jirani yako Masanja, mwenye mifugo hiyo, akacheka mpaka akashika magoti. "Mwandishi, andika tu kwamba ng'ombe wa Masanja wana saa za mkononi!" Kisha akasema neno la maana: kwamba hata ndege zilipoacha kuja, wewe uliendelea kuwatoa uwanjani kila Alhamisi mpaka ulipougua. Nikaandika: wamezoeshwa. Nikapiga mstari.

Alhamisi ya pili walitoka tena, dakika ileile. Nikamuuliza Masanja kundi hili analo tangu lini.

"Hawa? Hawa nimewanunua mnadani baada ya mazishi, mzee. Wale wa zamani niliwauza wote." Safari hii hakucheka. "Hawa hawamjui shangazi yako."

Nilichoandika nikakifuta.

Sasa tukio lenyewe. Naliandika hapa kama nitakavyoliandika kwa walimu wangu, ili kama nimekosea ujue.

Asubuhi ile mama mmoja mjamzito alikuwa kituoni, hali yake mbaya, akisubiri ndege imchukue hadi hospitali kubwa. Wewe ulitembea uwanja kama kawaida ukakuta muhanga, yule mnyama mla mchwa, amechimba shimo katikati. Ulirudi mbio hapa nyumbani kwenye simu yako ya upepo. Rubani alikuwa karibu kutua. Akauliza kama alivyouliza siku zote, "Habari za uwanja, mama?" Ukajibu, "Nzuri, ila..." Simu ile, aliyebonyeza kitufe ili aseme hamsikii mwenzake. Rubani aliposikia nzuri, alibonyeza ili akushukuru. Shimo ulilitaja wakati yeye anashukuru. Ukatoka nje na kitenge, ukapunga. Siku zote ulikuwa ukimpungia. Naye akakupungia, akatua.

Gurudumu liliingia shimoni. Rubani akavunjika mguu, ndege haikuruka tena, na yule mama akafariki jioni ile akiwa bado kituoni.

Ripoti ya uchunguzi ilisema mhudumu wa uwanja alithibitisha kuwa hali ni nzuri. Nani aliisoma redioni, unajua. Ulisikia kwa sauti yangu. Sikukuuliza kitu kabla ya kuisoma. Nilijiambia mwandishi hamhoji ndugu yake. Ni kanuni nzuri, nami nilijificha nyuma yake. Tangu siku ile nduguze marehemu waliacha kukusalimia kisimani, nawe ukaanza kwenda kuchota maji wenzako wakisharudi.

Darasani mwalimu alifundisha kwamba anayepokea ujumbe lazima aurudie, ili aliyeutuma ajue umefika. Nikanyoosha mkono. Nikasema kwetu mtu anaweza kufiwa alfajiri, ukamuuliza habari za nyumbani akajibu nzuri, kisha akasema, ila baba ametutoka. Hadanganyi. Ndivyo tunavyoingia kwenye mazungumzo, na anayesikiliza anajua kusubiri. Rubani yule, ingawa mgeni, alijua Kiswahili sana. Kusubiri ndiko hakukujua. Mwalimu akaniambia nikatafute ushahidi.

Ushahidi alikuwa nao Mama Eliwaza, yule muuguzi aliyekaa kwenye simu ya upepo pale kituoni. Amezeeka, anaishi kwa binti yake huko Mkiwa. Daftari lake la simu lilikuwa chini ya nguo sandukuni. Limeandikwa kwa mkono wake, siku ileile: uwanja nzuri ila shimo katikati asitue.

"Nilimsikia vizuri," akaniambia. "Kituo kilikuwa karibu naye kuliko ndege. Nikajua na rubani amesikia. Mimi nani nimwingilie rubani akiongea?" Akavua miwani. "Utaniandika na mimi?"

Nikamwambia nitaandika kilichotokea, si jina. Alifuta miwani yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akanipa daftari. "Mpelekee shangazi yako kwanza," akasema. "Mwambie nilisikia."

Kuna jambo moja ambalo haliko kwenye daftari, na mimi peke yangu ndiye shahidi. Wiki ile niliyoisoma ripoti redioni nilipita hapa kwako nikiwa safarini. Ukanipa uji. Nilipokuwa natoka ukasimama hapa mlangoni ukasema, "Umesoma vizuri, mwanangu, ila..." Gari lilikuwa linapiga honi barabarani. Nikasema, "Asante, shangazi," nikakimbia. Hukurudia tena sentensi ile, na mimi kwa miaka yote iliyobaki sikuiuliza. Nimesoma ripoti nyingi za ajali mwaka huu. Hakuna niliyoisoma mara nyingi kama hiyo.

Leo ni Alhamisi ya tatu. Nilisimama katikati ya uwanja, kwenye njia yako, na daftari la Mama Eliwaza mkononi. Nilikusomea. Nikakwambia kwamba alisikia. Saa nne na dakika kumi ng'ombe wakatoka, wakasimama pande zote mbili, nami nikiwa kati yao. Ninaripoti nilichokiona. Hawakuwa wakinitazama mimi. Vichwa vyao vyote vilielekea mwisho wa kusini wa uwanja, kisha vikaanza kugeuka polepole, pamoja, kwa mwendo wa mtu mzima anayetembea na fimbo. Vilinifikia. Pete ya nguzo iliacha kulia. Vikasimama kwangu, kwa kadiri ya pumzi mbili tatu, kisha vikaendelea kugeuka. Pale palipokuwa na shimo, ambalo lilifukiwa zamani, vikatulia tena. Halafu vikafika kaskazini, na ng'ombe wakarudi kula.

Niliangalia ardhi. Nyayo zilikuwa zangu tu. Hilo nalo ninaliripoti.

Kesho nitakwenda kwa nduguze yule mama, na daftari hili, kabla ya mtu mwingine yeyote. Redioni wamenikubalia kusoma sahihisho kwa sauti ileile iliyokosea. Shule itafuata baadaye. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na umeniona nikitimiza kazi, hata zile ambazo hazikustahili kufanywa.

Kwaheri, shangazi. Uwanja uko wazi, sasa unaweza kukaa chini. Lakini kama ile sentensi ya mlangoni bado unayo, hakuna gari barabarani leo, na mimi sina pa kukimbilia.

Habari za uwanja?

Nimeachia kitufe.