Tawi Kwenye Jiwe la Mpakani

Dada mpendwa,

Mwenyekiti wa kijiji cha juu ametangaza asubuhi ya leo kwamba njia ya msituni itafungwa. Nimetanguliza habari kabla ya salamu, unisamehe. Hujambo lakini? Magoti yanaendeleaje, na shemeji bado anakoroma? Mimi ni mzima wa mwili.

Utaratibu wetu unaukumbuka: anayeingia msituni huacha tawi bichi kwenye jiwe la mpakani, amelifunga kitambaa cha nyumbani kwake, na akitoka huliondoa. Likikutwa jua linazama, vijiji vyote viwili hutoka kumtafuta. Jumatatu lilikutwa langu.

Walitoka watu wengi kuliko waliokuja kumzika mke wangu. Waliniita kutoka bondeni hadi kwenye maporomoko. Mrina asali aliteleza korongoni akavunjika mguu. Nilipojitokeza nikasema nilipotea, fundi cherehani alinifokea kwamba mzee mzima napotea kama mbuzi aliyenunuliwa jana, kisha akaniwashia moto. Walijaa sebuleni kwangu, mwingine akakalia kinu. Walinitania, wakamaliza uji wangu wote. Sikuwa nimecheka hivyo tangu msiba.

Sasa mwenyekiti anasema kama njia imempoteza mpasua mbao aliyezeekea humo, itamwacha nani? Kijiji cha chini watalazimika kuzunguka mlima kufika zahanati. Binti wa mrina asali, anayeishi huko, ni mjamzito. Ameniuliza, baba, nitazungukaje na tumbo hili?

Dada, sikupotea. Msituni sikuingia kabisa. Niliweka tawi, nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, nikajifungia. Nilitaka kujua kama yupo atakayekuja. Walibisha mlangoni kwanza, nikanyamaza. Halafu nikawasikia wakiliita jina langu kule msituni, na nikaendelea kunyamaza, maana tangu tuzike hakuna aliyeliita.

Mchana huu nimekwenda kumweleza mrina asali. Alinitazama, akageukia ukutani, akasema nimwache alale.

Nisalimie shemeji na wanao wote. Usije kwa sasa, magoti hayo yapumzishe.

Mkutano wa kuifunga njia ni Ijumaa, saa nne asubuhi, uwanja wa shule. Nimeomba nizungumze wa kwanza.

Mdogo wako,
Mpasua mbao