Maji Yapo, Tuliitikia

Jumapili, Lodwar. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi kwenye chai. Sina hamu ya kuandika, lakini jambo hili nisipolitoa litanila.

Mimi ndiye niliyeandika ile hotuba.

Cheo cha mheshimiwa nitakificha. Aliposhinda uchaguzi aliniita, mimi mwalimu wa Kiswahili wa hapa Nawoitorong, pembeni mwa Lodwar, nimwandikie hotuba ya kuapishwa. Alikuja na ahadi zake: visima, barabara, dawa. Nikazifuta zote. Ahadi ni deni, nami nilitaka mtu wangu asidaiwe.

Badala yake nikaiba baraka ya wazee wetu Waturkana. Kila mtu hapa anaijua: mzee husimama akataja mema kana kwamba yameshafika, na waliokaa humwitikia kwa sauti moja. Mvua ipo? Ipo. Maziwa yapo? Yapo. Nikampa mheshimiwa maneno hayo hayo, na mwishoni nikaweka maji. Uwanja mzima uliitikia. Nilikuwa nyuma ya jukwaa, nikajiona fundi kweli.

Mtu akikuahidi, unamdai. Akikufanya uitikie, utamdai nani?

Sikufikiria kwamba redio ingeipeleka mbali hotuba ile.

Mama yangu anaishi mbele ya Kakuma, kando ya mto mkavu. Siku ile yeye na majirani waliizunguka redio wakaitikia nao, mikono juu. Ukame ulipozidi, majirani walihamia milimani na mifugo. Mama akakataa. Alisema baraka ya maji imeshatamkwa na kuitikiwa, sasa nani huondoka maji yakiwa njiani? Nilimpigia simu kumsihi ahame. Sikumwambia maneno yale yalitoka kwa nani. Niliona aibu, na aibu yangu ndiyo iliyombakiza pale.

Jana nilienda kumwona. Zizi lina mbuzi wawili, nao hawasimami. Mama amekonda hadi shanga zimemlegea shingoni. Anachimba mchanga wa mto kwa sufuria kutwa nzima, anapata tope la kujaza kikombe. Nilimwomba tuje wote Lodwar, akakataa.

Nilitaka amlaani mheshimiwa. Ningepumua kidogo. Lakini alinishika mkono akasema polepole, "Mwanangu, siku ile niliitikia kwa sauti ndogo. Nilikuwa na kikohozi. Labda Akuj hakunisikia."

Akuj ni Mungu wetu. Mama anajilaumu kwa sababu ya kikohozi.

Leo baada ya kanisa mheshimiwa amepiga simu. Amepata kiti kikubwa zaidi, ataapishwa tena. "Mwalimu, ile ya maji weka tena," akasema. "Watu wetu walipenda sana." Nikajibu sawa. Neno lilinitoka kabla sijafikiri, kama lilivyowatoka wale wa uwanjani.

Karatasi iko mezani tangu saa nane, haina kitu. Haitaandikwa. Hilo nitamwambia mheshimiwa, nalo si gumu sana.

Gumu ni safari ya kesho ya Kakuma. Nitaketi na mama pale mchangani nimwambie kwamba sauti yake haikuwa na kosa, kwamba aliyemdanganya ni mimi, niliyemtungia mheshimiwa maneno yale. Akishajua, nikimwita tena tuje Lodwar, ataitikia?