Wageni wa Kamelia

Kwa shemeji yangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila goti bado linanisumbua. Paka wa jirani amehamia kwangu na sijamfukuza.

Jumamosi nilipata wageni. Unakumbuka dada yako alivyokuwa akiandikiana na kile chama cha kimataifa cha wapanda maua ya kamelia? Basi walikuja watatu kuiona kamelia yake nyeupe ya uani. Wanasema hawajaona aina hiyo kwingine. Kiongozi wao, mama mmoja mwenye miwani, akaniuliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

Ulimi uliteleza. Nikasema, "Ametoka kidogo, anarudi."

Wakamsubiri. Nikachemsha chai, nikapanga vikombe vitano. Walikata vipandikizi, wakavifunga kwa kitambaa chenye maji, wakakaa tena kupiga soga. Nyumba ilijaa sauti, shemeji, hata mimi nikawa natega sikio mlangoni kama wao.

Jioni yule mama akasema, "Tungependa kumuaga."

Nikamwambia, "Mama, tulimzika mwaka jana."

Hakunilaumu. Akatoa kalamu. "Ua hili halina jina. Tungependa tuliite kwa jina lake. Jina lake kamili ni lipi?"

Nikalitaja jina lake lote, pamoja na la baba yenu. Tangu mazishi sikuwa nimelitamka kwa sauti. Akaniomba nirudie, nikarudia, kisha nikarudia tena, ingawa alikuwa ameshaliandika.

Ukipata likizo, njoo ukae japo wiki moja.

Ni mimi shemeji yako,
mume wa dada.